Mashini Moja, Kazi Mbili

1. Mkono wa msagaji

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika palikuwa na mashini ya kusaga unga. Akina mama walileta mihogo mikavu na mahindi, wakalipa franka zao, wakarudi nyumbani na unga wa bukari. Moteri ya mashini ile ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na silinda moja tu na nguvu za farasi 8, na chakula chake kilikuwa esanse.

Kila asubuhi msagaji alitia manivele katika tundu lake, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Siku nyingine moteri iliwaka mara moja. Siku nyingine alizungusha mara ishirini, jasho likamtoka, nao akina mama wakingoja na vikapu vyao.

Siku moja alipozungusha, moteri ilirudi nyuma kwa ghafula. Manivele ilimponyoka, ikampiga mkono wa kuume. Mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Walimpeleka kwenye dispansari, wakaufunga mkono wake, wakamwambia: «Usifanye kazi nao majuma sita.»

Kwa nini moteri ilirudi nyuma? Sikilizeni vizuri. Ndani ya silinda mna pistoni. Pistoni hupanda na kushuka. Inapopanda, hubana hewa iliyochanganyika na esanse. Inapofika juu, buji hutoa cheche; hewa ile huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ndiyo nguvu ya moteri. Lakini cheche ikitoka mapema mno, wakati pistoni ingali inapanda polepole, moto huisukuma irudi ilikotoka. Hapo moteri yote huzunguka kinyume, na manivele pia. Mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo.

Basi mashini ikanyamaza. Vijana wawili walijaribu kuiwasha, wakaogopa, wakaiacha. Akina mama wengine walirudia kutwanga kwa mchi, na wengine walijitwika vikapu wakaenda mwendo wa saa mbili mpaka kijiji cha pili. Kule nyumbani kwa msagaji fedha zilianza kupungua.

Msagaji alikuwa na mtoto mwanamume, mwanafunzi wa darasa la tano. Siku ya Jumamosi mtoto huyo alipanda lori, akaenda Kalemie kwa mjomba wake, aliyekuwa fundi wa garaji. Akamweleza habari yote.

Fundi akauliza: «Moteri yenyewe ni nzima?»

«Ndiyo, mjomba. Ni nzima. Kuiwasha ndiko kunakotushinda.»

«Vema. Nenda nyumbani umwambie baba yako aningoje. Nitakuja na dawa yake.»

2. Mzigo wa fundi

Juma lililofuata fundi alifika na gunia zito. Akamsalimu shemeji yake, akautazama mkono wake uliofungwa, akampa pole. Kisha akafungua gunia. Ndani yake mlikuwa na mashini ya chuma, mviringo kama mkebe mrefu, yenye uzito wa kilo 8 hivi. Ilikuwa na kutu na mafuta makavu. Upande mmoja ulitoka mti wa chuma, na juu ya mwili wake palikuwa na misumari miwili ya shaba ya kufungia waya. Karibu na msumari mmoja iliandikwa herufi A, na karibu na wa pili herufi F.

Fundi akasema: «Nimeinunua kwa muuza vyuma vikuukuu. Ilikuwa juu ya mashini ya kukatia majani. Moteri ya mashini ile imekufa, lakini hii haikufa.»

Mtoto akauliza: «Mjomba, hii ni demarere au dinamo?»

Ninyi, watoto, mmekwisha ona motokari. Mnajua kwamba demarere ndiyo inayoanzisha moteri: yapokea umeme wa batri na kuzunguka. Dinamo hufanya kinyume: yazungushwa na moteri na kutoa umeme, nao umeme huo warudi katika batri. Kwa hiyo motokari ina mashini mbili.

Fundi akajibu: «Hii ni demarere, na hii ni dinamo. Ni mashini moja, lakini ina kazi mbili. Asubuhi yaipa moteri nguvu. Moteri ikiisha kuwaka, yairudishia batri umeme wake.»

Msagaji akacheka kidogo, akasema: «Shemeji, mtumishi wa namna hiyo simjui mimi. Anayekula na anayelima ni mmoja?»

«Utamwona kwa macho yako,» akajibu fundi.

3. Mseremala wa Ubelgiji

Jambo hili si uchawi. Watu wenye bidii walilivumbua zamani, nasi tutawataja watatu.

Wa kwanza ni Michael Faraday, wa Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Mwaka wa 1831 aliona kwamba ukiipitisha sumaku karibu na nyuzi za shaba zilizozungushwa pamoja, umeme hupita ndani ya nyuzi. Sumaku ikitulia, hakuna umeme. Yapasa kitu kimoja kitembee: sumaku au nyuzi. Taa ya kinga huwaka kwa njia hiyo. Ukikanyaga, inawaka, ukisimama, inazimika.

Wa pili ni Zénobe Gramme. Alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1826, na kazi yake ya kwanza ilikuwa useremala. Baadaye alikaa Paris, na mwaka wa 1871 alionyesha wataalamu wa huko dinamo nzuri aliyoitengeneza. Mwaka wa 1873 kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Vienna. Hapo dinamo mbili zake ziliunganishwa kwa waya. Ya kwanza ilizungushwa na moteri, ikatoa umeme. Umeme ukapita katika waya, ukafika katika ya pili. Na ile ya pili, bila kuguswa na mtu, ikaanza kuzunguka yenyewe! Watu wakastaajabu. Hapo wote waliona wazi kwamba dinamo ina njia mbili: ukiizungusha yakupa umeme, ukiipa umeme yakuzungukia.

Wa tatu ni Charles Kettering, wa Marekani. Siku zile motokari nyingi ziliwashwa kwa manivele, na watu wengi waliumizwa kama msagaji wetu. Kettering alitengeneza mashini ya umeme ya kuwashia moteri, na motokari za Cadillac za mwaka wa 1912 zilitoka nayo. Nayo ilikuwa mashini moja yenye kazi mbili: iliianzisha moteri, kisha ikatoa umeme kwa ajili ya batri na taa.

Basi mashini iliyotoka katika gunia la fundi ni ya ukoo huo.

4. Ndani ya mashini

Fundi alitandika gunia chini ya mwembe, akaifungua mashini kwa funguo zake. Mtoto alipanga kila kitu kwa mstari, kama kilivyotoka, ili wasisahau njia ya kurudisha.

Walikuta vitu vinne vikubwa.

Kwanza, mwili wa chuma. Ndani ya mwili, kandokando, mmefungwa mafundo ya nyuzi za shaba. Umeme ukipita ndani ya nyuzi hizo, chuma kinachozungukwa nazo kinageuka kuwa sumaku. Nyuzi hizo zafika kwenye msumari F.

Pili, mhimili. Huu ndio unaozunguka katikati. Nao umevikwa nyuzi nyingi za shaba.

Tatu, pete ya shaba mwishoni mwa mhimili. Pete hiyo imekatwa vipande vingi vyembamba, na kila kipande kimeunganishwa na nyuzi za mhimili. Mafundi huiita kolekteri.

Nne, makaa mawili. Si makaa ya kupikia. Ni vipande vidogo vya makaa magumu, vinavyosukumwa na springi ili viiguse kolekteri daima. Kwa njia ya makaa hayo umeme huingia katika mhimili unaozunguka, au hutoka humo.

Mtoto akauliza: «Kwa nini nyuzi zote ni za shaba, mjomba? Chuma ni cha bei ndogo.»

«Kwa sababu umeme hupita katika shaba vizuri kuliko katika chuma. Waya wa chuma ungetaka kuwa mnene mno, nao ungepata moto. Shaba ndiyo mali ya Katanga. Kule Kolwezi na Likasi waichimba, nayo yasafiri dunia nzima. Na mhimili huu, ukitupwa, ni shaba iliyotupwa.»

Makaa yalikuwa yamekwisha. Yalibaki mafupi kama ukucha. Fundi alitia mapya. Kolekteri ilikuwa nyeusi. Fundi aliisugua polepole kwa karatasi laini ya mchanga, mpaka iking'aa. Akamwonya mtoto: «Usitumie karatasi ya kusugulia chuma, ile nyeusi. Chembe zake huacha umeme upite. Zikikaa katikati ya vipande vya kolekteri, umeme hukosa njia yake, na mashini huungua.» Akasafisha nafasi zilizo katikati ya vipande kwa kijiti chembamba, akapaka girisi mahali pa kuzungukia, akafunga tena.

5. Kuijaribu juu ya meza

Fundi hakwenda mbio kuifunga juu ya moteri. Alisema: «Kitu kikuukuu hujaribiwa kwanza peke yake. Ukikifunga kabla ya kukijaribu, kazi ikiharibika hutajua mwenye kosa ni nani.»

Akaikaza mashini juu ya meza kwa jiriwa, kwa sababu mashini ya namna hii ikianza huruka. Akaweka batri ya volti 12 karibu. Akafunga waya tatu: mmoja kutoka F mpaka mwili wa mashini, wa pili kutoka mwili mpaka upande wa kutoa wa batri, wa tatu kutoka A. Ncha ya huu wa tatu aliigusisha upande wa kujumlisha wa batri.

Cheche ndogo ikatoka, na mhimili ukazunguka sawasawa, bila kelele. Mtoto akapiga makofi.

Fundi akachora mshale kwa chaki juu ya mashini, kuonyesha inazunguka upande gani. Akaenda kwenye moteri, akachora mshale wa pili. Kwa sababu mkanda huzungusha magurudumu yote mawili upande mmoja, yapasa mishale miwili ikubaliane.

Mtoto akauliza: «Na kama haikubaliani, si tungegeuza tu waya za batri?»

«Hata kidogo. Ukigeuza waya za batri, umeme wageuka katika mhimili, na sumaku za mwilini nazo zageuka. Vyote viwili vikigeuka pamoja, mwendo unabaki ule ule. Mwili huu ungetaka kufunguliwa, na nyuzi za ndani zibadilishwe. Lakini leo tuna bahati. Upande ni mmoja.»

6. Siku ya kwanza: moteri yakataa

Fundi alitengeneza kikalio cha chuma kinene, akakifunga kando ya moteri kwa buloni nne. Juu yake akaiweka mashini. Buloni moja ilikuwa kama bawaba ya mlango. Nyingine ilipita katika tundu refu, ili mashini iweze kusogezwa na mkanda kukazwa. Akavuta uzi kutoka puli ya moteri mpaka puli ya mashini, akaangalia kama zimekaa katika mstari mmoja. Mkanda unaokwenda upande huliwa haraka.

Puli ya moteri ilikuwa na upana wa sentimeta 24. Kwa mashini fundi alikuwa na puli ya sentimeta 16. Akaifunga hiyo, akakaza mkanda, akaunganisha waya mnene na kitufe kikubwa cha kuwashia. Watu wengi walikuwa wamekusanyika.

Fundi akabonyeza kitufe. Mashini ikaguna. Moteri ikazunguka nusu, ikasimama. Akabonyeza tena. Ikaguna, ikasimama tena. Mzee mmoja akasema: «Chuma kikuukuu ni chuma kikuukuu.» Watu wakaanza kutawanyika, na mtoto akaona haya.

Fundi hakukasirika. Hakubonyeza mara ya tatu. Akagusa waya: ulikuwa umepata moto. Akaketi, akaandika hesabu juu ya ardhi kwa kijiti.

«Tazama,» akasema. «24 gawanya kwa 16 ni 1 na nusu. Basi nguvu ya mashini inaongezwa mara 1 na nusu tu. Haitoshi kuishinda hewa inayobanwa na pistoni. Umekwisha ona mtu akipanda mlima kwa kinga? Akiwa na gurudumu dogo la meno mbele, anakanyaga mara nyingi, lakini anapanda. Nasi tunataka puli ndogo.»

Mtoto akasema: «Basi tutie ndogo kabisa, ya sentimeta 4!»

«Ngoja, mwana wangu. Fanya hesabu mpaka mwisho. Moteri ikiwaka huzunguka mara 1800 kwa dakika moja. 24 gawanya kwa 4 ni 6. Mashini ingezunguka mara ngapi?»

Mtoto akahesabu: «Mara 10 800.»

«Ndiyo. Kwa mwendo huo nyuzi za mhimili zaweza kuchomoka na kuvunja kila kitu. Lakini tukitia puli ya sentimeta 8, nguvu inaongezwa mara 3, na mwendo wake ni mara 5400 kwa dakika. Hiyo yatosha kwa kuwasha, wala si hatari kwa mashini.»

Kesho yake fundi alipata puli ya sentimeta 8. Akaifunga, akakaza mkanda. Akaubonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ulishuka kama sentimeta 1. Ndiyo kipimo chake: ukilegea huteleza, ukikazwa mno huua mahali pa kuzungukia mhimili.

Akamwita shemeji yake. «Bonyeza wewe.»

Msagaji akabonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Moteri ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, ikawaka. Mama mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakakimbia nyumbani kuchukua vikapu.

7. Siku ya pili: umeme haurudi

Mashini ilikuwa imefanya kazi yake ya kwanza. Je, ya pili?

Kati ya mashini na batri fundi alikuwa ametia kisanduku kidogo kilichotoka pamoja na mashini. Kinaitwa regilateri. Kina kazi mbili, nazo ni za lazima.

Kazi ya kwanza ni kupima. Moteri ikienda mbio, mashini hutaka kutoa umeme mwingi kupita kiasi. Batri ya volti 12 haipendi kupokea zaidi ya volti 14 na kitu. Ikizidishiwa, maji yake huchemka na kukauka. Regilateri hupunguza nguvu ya sumaku, na umeme hukaa katika kipimo chake.

Kazi ya pili ni kama ya mlango. Kumbukeni mashini ya Gramme: ukiipa umeme, yazunguka. Moteri ikizimwa, mashini haitoi tena, lakini batri ingali na umeme. Kama hakuna mlango, umeme wa batri ungerudi katika mashini usiku kucha, ukitaka kuizungusha. Asubuhi batri ingekuwa tupu na nyuzi zimeungua. Basi ndani ya regilateri mna vipande viwili vidogo vya chuma. Mashini ikitoa umeme wa kutosha, vyagusana, na umeme hupita kwenda batri. Mashini ikisimama, vyaachana. Jambo lile lile linalotusaidia asubuhi lingetuibia usiku, pasipo mlango huo.

Fundi aliweka pia saa ndogo ya kupimia ampere. Moteri ilikuwa ikienda, lakini mshale wa saa ulikaa juu ya sifuri. Batri haikupokea kitu.

«Mashini haitoi,» akasema mtoto.

«Usimhukumu mtu kabla ya kumwuliza,» akajibu fundi. Akachukua ampuli ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja akaugusisha mwili wa mashini, wa pili msumari A. Ampuli ikawaka sana. «Umeona? Mashini inatoa. Umeme unatoka hapa, lakini haufiki kule. Umezuiwa wapi?»

Mtoto akafikiri, akasema: «Mlangoni.»

«Umesema kweli.»

Fundi alizima moteri, akaondoa waya wa batri, akafungua kifuniko cha regilateri. Vile vipande viwili vilikuwa na uchafu mweusi. Vilikuwa vikigusana, lakini uchafu ulizuia umeme. Fundi akavisugua polepole, akavipangusa kwa karatasi safi, akafunika. Wakarudisha waya, wakawasha moteri. Mshale wa saa ukapanda mpaka 10.

Basi hesabu yake ni hii: volti 12 mara ampere 10 ni wati 120. Ampuli moja ya LED yala wati 5. Umeme huo ungeweza kuwasha ampuli 24. Msagaji alitia mbili tu katika nyumba ya mashini, ili akina mama wanaochelewa wauone unga wao. Na kila siku ya Jumanne mwuguzi wa dispansari huleta batri yake ndogo ijazwe. Akina mama wakijifungua usiku, hawazaliwi tena watoto wao kwa mwanga wa kibatari.

8. Maonyo ya fundi

Kabla ya kurudi Kalemie, fundi aliwakusanya msagaji, mtoto wake na wale vijana wawili, akawafundisha sheria hizi. Nanyi zishikeni.

Usibonyeze kitufe kwa muda mrefu. Ukihesabu mpaka kumi na moteri haikuwaka, acha, ngoja mashini ipoe, utafute sababu. Wakati wa kuwasha, zaidi ya ampere 100 zaweza kupita; ndiyo sababu waya wake ni mnene kama kalamu. Waya mwembamba ungewaka moto.

Usiusogelee mkanda unaozunguka. Nguo inayoning'inia, kamba, nywele ndefu, hata kidole, vyote huvutwa mara moja. Fundi aliufunika mkanda kwa bati. Bati hilo lisiondolewe wakati moteri inakwenda.

Usilete kiberiti wala sigara karibu na batri inayojazwa. Hutoa hewa inayowaka na kupasuka. Na maji yake ni asidi kali: yakikurukia, osha mara hiyo hiyo kwa maji mengi. Yakiingia machoni, osha kwa muda mrefu, kisha nenda kwa mwuguzi.

Unapotaka kufungua, ondoa kwanza waya wa upande wa kutoa. Unapofunga, urudishe mwisho. Hivyo ufunguo ukigusa chuma kwa bahati mbaya, hakuna cheche.

Usiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua mtu kama usingizi.

Tena, kila baada ya miezi michache tazama makaa. Yakiwa mafupi, badilisha. Makaa ni ya bei ndogo. Kolekteri ni ya bei kubwa.

9. Manivele ukutani

Majuma sita yalipokwisha, mkono wa msagaji ulifunguliwa. Ulikuwa mwembamba, lakini ulipona. Siku ile aliichukua manivele, akaisafisha, akaitundika ukutani kwa msumari.

Mtoto akamwuliza: «Baba, kwa nini usiitupe?»

Akajibu: «Batri yaweza kuchoka siku moja. Na tena, mjomba wako ametufundisha kutotupa chuma.»

Watoto wapenzi, fundi yule hakuwa na mashini mpya wala fedha nyingi. Alikuwa na chuma kilichotupwa, funguo chache, na hesabu ya darasa la tano. Mlipojifunza kugawanya, labda mlifikiri kwamba ni kazi ya daftari tu. Sasa mmeona: 24 gawanya kwa 8 iliwasha moteri.

Maulizo

1. Kwa nini manivele ilimvunja msagaji mkono?
2. Demarere yafanya nini? Na dinamo? Mashini ya fundi yafanya nini?
3. Watu waliona nini mjini Vienna mwaka wa 1873?
4. Taja vitu vinne vikubwa vilivyo ndani ya mashini, na kazi ya kila kimoja.
5. Kwa nini fundi alikataa puli ya sentimeta 16? Na ya sentimeta 4?
6. Regilateri ni kama mlango. Eleza.
7. Fundi alijuaje kwamba mashini inatoa umeme?
8. Hesabu: puli ya moteri ni sentimeta 30, ya mashini ni sentimeta 10. Moteri yazunguka mara 1500 kwa dakika. Mashini yazunguka mara ngapi?
9. Hesabu: dinamo yatoa ampere 8 kwa volti 12. Ni wati ngapi? Zatosha ampuli ngapi za wati 6?
10. Kazi ya nyumbani: tafuta katika kijiji chako kitu kimoja kilichotupwa. Andika mistari mitano: kilikuwa na kazi gani, na chaweza kufanya kazi gani sasa?